Lugha ya Mfangano isiachwe izame ziwani

Mtu akipanda kilima cha Buyangu alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya miti, huona kitu ambacho wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza hukikataa katakata nikiwasimulia. Huona kisiwa. Maji hayapo, ila kijito cha hapa na pale; bahari inayokizunguka kisiwa hicho ni mashamba ya miwa na mahindi, na mabati ya nyumba zetu yanayometameta hadi upeo wa macho. Msitu wa Kakamega, kama tujuavyo, ni mabaki ya upande wa mashariki kabisa ya ule msitu mkubwa wa mvua wa Kongo. Sehemu hii ya Buyangu ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Kaskazini yake kipo kipande kidogo kiitwacho Kisere, kilichotengana na msitu mkuu, na ndani yake wanaishi kima wa De Brazza wasioweza kuvuka mashamba ya watu kuwafuata jamaa zao kwingineko.

Nimezaliwa na kulelewa ukingoni mwa msitu huo, na ndio ulionifunza kwamba kisiwa ni chochote kilichozungukwa na kisichofanana nacho. Lugha nayo yaweza kuwa kisiwa. Leo nataka kuzungumza na msomaji juu ya mahali ambapo visiwa hivyo viwili, cha ardhi na cha lugha, vimekutana: Mfangano, katika Ziwa Viktoria, Kaunti ya Homa Bay.

Wengi wetu tunaijua Rusinga, jirani yake, kwa sababu ndiko alikozikwa Tom Mboya mwaka 1969, na kwa sababu ya fuvu la kale ambalo Mary Leakey alilifukua huko mwaka 1948. Isitoshe, Rusinga iliunganishwa na Mbita katika miaka ya 1980 kwa tuta la mawe na udongo, ambalo baadaye lilifuatwa na daraja, hata leo mtu aweza kufika kwa gari bila kulowesha kiatu. Mfangano haina tuta wala daraja. Abiria hupanda mashua ya injini Mbita, na ikiwa upepo ni mwema hufika Sena baada ya saa moja na zaidi. Upepo ukiwa mbaya, hungoja. Mgonjwa naye hungoja.

Kisiwa chenyewe kina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 65. Katikati kimeinuka kwa milima ya mawe, mkubwa wao ukiwa Kwitutu, nao watu wamejipanga pembezoni kama shanga shingoni, kwa kuwa ndiko kuliko na ardhi ya kulima na ufuo wa kuegesha mitumbwi. Maisha yao ni ziwa. Usiku taa za wavuvi wa dagaa, wale tunaowaita omena, huwaka majini utadhani kuna mji. Mchana wanawake huanika dagaa hao juu ya nyavu kuukuu. Sangara, au mbuta, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, alileta fedha na viwanda vya minofu, akamaliza aina nyingi za samaki wadogo waliokuwa chakula cha maskini. Mwaka 2020 ziwa lenyewe lilifura kupita kiasi, likameza fuo na nyumba. Kwa ufupi, ni watu wanaoishi kwa rehema ya maji, na ambao serikali, ya kikoloni na zilizofuata, ilikuwa mbali nao kwa kadiri ile ile ya maji hayo.

Wenyeji hao ni Wasuba. Masimulizi ya wazee wao yanasema kuwa wengi wa mababu zao walitoka upande wa Uganda, wakikimbia vita na fitina za ufalme, wakapita kisiwa baada ya kisiwa hadi walipotua Mfangano, Rusinga, na nchi kavu ya Gwassi na Kaksingri. Lugha yao, Kisuba, ni ya Kibantu, jamaa ya lugha zetu za Kiluhya, ya Kigusii na ya Kikuria. Lakini ukitua Mbita leo utasikia Kidholuo, ambacho ni lugha ya Kiniloti isiyo na udugu nayo hata kidogo. Kisuba kimerudi nyuma kutoka nchi kavu, kikatoka Rusinga, na ngome yake ya mwisho yenye nguvu ni Mfangano. UNESCO imekiorodhesha miongoni mwa lugha zilizo hatarini.

Hapa pana jambo la kustaajabisha. Kadiri lugha inavyopungua, ndivyo jina linavyokua. Mwaka 1986 wanaisimu wawili, Franz Rottland na marehemu Okoth Okombo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walieleza kwamba miongoni mwa Wasuba hisia ya kuwa jamii moja inazidi huku umilisi wa lugha ukididimia. Miaka iliyofuata imewathibitisha. Katika miaka ya 1990 iliundwa Wilaya ya Suba. Leo tuna maeneo bunge ya Suba Kaskazini na Suba Kusini. Na katika sensa ya mwaka 2019 watu zaidi ya 150,000 walijitambulisha kuwa Wasuba. Jina limeandikwa kwenye ramani, kwenye mihuri ya ofisi na kwenye karatasi za kura. Wanaoweza kulitungia jina hilo sentensi tatu za lugha yake ni wachache mno kuliko wanaojiita kwalo.

Miaka kadhaa iliyopita nilivuka kwenda Mfangano pamoja na wanafunzi wanne wa shahada ya uzamili. Mzee aliyetukaribisha alimwita mjukuu wake kwa Kisuba, alete viti. Mtoto alileta viti, akamjibu babu yake kwa Kidholuo, akanisalimu mimi kwa Kiswahili, kisha akarudi kwenye daftari lake lililoandikwa kwa Kiingereza. Yote hayo yalipita kwa muda usiozidi dakika moja. Mzee alipoona nimeshangaa alicheka, akasema: "Mwalimu, huyu ananisikia vizuri. Lakini mtoto wake ndiye hatanisikia."

Jioni ile tulikaa tukilinganisha maneno yake na ya kwetu Kakamega. Walipo na kituo cha jamii kiitwacho Ekialo Kiona, maana yake dunia nzima. Nilimweleza kuwa Waluhya wa pande zetu husema eshialo kwa maana hiyo hiyo ya dunia, na kwamba Waganda wana neno ekyalo lenye maana ya kijiji. Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba kwa mtu wa kisiwani mambo hayo mawili ni kitu kimoja. Sijapata kusikia mhadhara wa semantiki uliokuwa mfupi na mzuri kama huo.

Sasa tujiulize: Kisuba kilifikaje hapa? Wapo wasemao kwa haraka kwamba Kidholuo kilikimeza kama sangara alivyowameza samaki wadogo. Si kweli, na si haki. Hakuna aliyewashurutisha Wasuba kwa fimbo. Wanaume wao walioa mabinti wa Kiluo, na mama ndiye mwalimu wa kwanza wa lugha. Biashara ya samaki na nafaka ilifanywa kwa lugha ya majirani walio wengi. Wamisionari waliojenga vituo Nyanza Kusini, kama ule wa Waadventista huko Gendia mwaka 1906, walifundisha, wakahubiri na kuchapisha kwa Kidholuo. Anayetaka kusoma, kuomba, kuuza na kuoa kwa lugha fulani hatimaye ataota kwa lugha hiyo. Baada ya uhuru, shule zetu ziliukamilisha mwendo huo. Ripoti ya tume ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza kuwa watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Pendekezo ni zuri. Tatizo ni kwamba eneo hilo hupimwa kutoka ofisi ya nchi kavu, na ukipima kutoka nchi kavu lugha ya eneo la Mbita ni Kidholuo. Kisiwa hakikuonekana kwenye kipimo hicho. Dau la mnyonge haliendi joshi.

Na kwa nini kilidumu Mfangano kuliko kwingine? Jibu rahisi ni maji. Umbali uliokichelewesha kisiwa kupata daktari ndio uliokichelewesha kuipoteza lugha. Kutokana na jibu hilo baadhi ya wapenda utamaduni, na baadhi yao ni wenzangu wa vyuoni, wamefikia hitimisho ambalo hulisema kwa sauti ya chini: kwamba heri kisiwa kibaki mbali, kwa kuwa likija daraja lugha itakwisha. Ni fikira hiyo ninayotaka kuipinga leo kwa nguvu zangu zote.

Twende kwanza mbali kidogo, hadi upande wa pili wa bara letu. Katika Bahari ya Atlantiki kipo kisiwa cha Annobón, mkoa mdogo kabisa wa Guinea ya Ikweta. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 17 tu, na wakazi wake ni kama 5,000. Kiko kusini ya ikweta ilhali sehemu nyingine zote za nchi hiyo ziko kaskazini, na baina yake na kisiwa cha Bioko zimekaa São Tomé na Príncipe, ambazo ni nchi nyingine. Wareno walikikuta kitupu katika karne ya 15, wakawaleta watumwa wa Kiafrika, na mwaka 1778 Ureno ikakikabidhi kwa Hispania. Watu hao walijitungia lugha yao, Fa d'Ambô, ambayo maneno yake mengi ni ya asili ya Kireno. Hadi leo ndiyo lugha ya nyumbani kisiwani humo, ingawa Kihispania ndicho cha ofisi na shule. Kwa mwanaisimu, huo ni muujiza.

Lakini tusiishie kwenye muujiza. Kisiwa hicho kilicholinda lugha yake kwa upweke kimeachwa pia na upweke wake. Mnamo Julai 2024, baada ya wakazi kuandika barua ya kulalamikia milipuko ya baruti kisiwani kwao, makumi yao walikamatwa na intaneti ikakatwa. Mwaka mzima baadaye ilikuwa bado haijarejeshwa. Watu wenye lugha hai kabisa walinyimwa mahali pa kuisemea. Basi upweke si mlinzi. Upweke ni mlango ambao ufunguo wake anao mtu mwingine.

Mfangano nayo ina ushahidi wake. Juu ya miamba ya Kwitone na Mawanga kuna michoro ya kale, duara ndani ya duara, nyekundu na nyeupe. Wataalamu wanaihusisha na Watwa, wawindaji na wachumaji waliotangulia kuishi hapo. Jumba la makumbusho la jamii ya Wasuba, lililoanzishwa kisiwani mwaka 2000, huwaongoza wageni kwenda kuitazama. Nami nilisimama mbele yake na wanafunzi wangu. Rangi bado ipo. Lakini lugha ya walioichora hatuijui. Hakuna hata neno moja lililotufikia ambalo twaweza kuapa kwamba ni lao. Ziwa liliwazunguka wao pia. Halikuwalindia chochote ila mawe.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: tusiwaombe watu wa Mfangano wabaki mbali ili sisi tuendelee kufurahia lugha yao. Wana haki ya feri isiyoogopa upepo, ya hospitali yenye daktari usiku, ya shule yenye walimu wa kutosha. Na lugha yao ina haki ya kupanda feri hiyo pamoja nao. Lugha haifi kwa sababu watu wameendelea. Hufa pale maendeleo yanapokuja yakiwa bubu kwa lugha hiyo, mtoto akatambua mapema kwamba kila chenye manufaa hutamkwa kwa lugha nyingine, na cha babu ni cha kuletea viti.

Je, tufanye nini? Kwa bahati njema hatuhitaji kutunga sheria mpya. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka dola ilinde na kukuza lugha za Wakenya. Na kifungu cha 56 kinaagiza mipango ya kuyawezesha makundi madogo kukuza utamaduni na lugha zao. Fauka ya hayo, Katiba hiyo hiyo imeyakabidhi mambo matatu makubwa ya maisha ya kisiwani kwa serikali za kaunti: elimu ya chekechea, zahanati na vituo vya afya, na feri pamoja na bandari ndogo. Yaani mtoto anapoanza kusoma, mama anapojifungua, na mvuvi anapoingia majini, wote wamo mikononi mwa Homa Bay.

Basi kaunti ianzie hapo. Kwanza, iwaajiri walimu wa chekechea wanaokijua Kisuba wafundishe Mfangano, na mtaala wa sasa, ambao una somo la lugha za kiasili katika gredi za chini, uendeleze kilichoanzwa. Pili, katika kila zahanati ya kisiwa awepo mhudumu mmoja aombaye kazi kwa sifa ya ziada ya kukijua Kisuba. Kikongwe aelezaye maumivu ya kifua kwa lugha ya kuazima hueleza nusu yake, na nusu iliyobaki ndiyo humuua. Tatu, onyo la upepo na mawimbi litangazwe kwa Kisuba pia, kwenye redio na kwenye fuo. Redio ya jamii ya Ekialo Kiona ilionyesha njia ilipoanza kutangaza kwa lugha hiyo. Lugha inayokuambia usiende ziwani leo haiwezi kudharauliwa na kijana.

Najua pingamizi zitakazotolewa. La kwanza ni kwamba lugha nyingi huzaa ukabila. Nchi yetu imeumizwa na siasa za kabila, sikatai. Lakini mwaka 2007 na 2008 watu hawakuchinjana kwa sababu ya nomino na vitenzi. Isitoshe, Msuba aliyejua Kisuba, Kidholuo, Kiswahili na Kiingereza ana milango minne ya kuwaingilia Wakenya wenzake. Anayejua viwili ana miwili. La pili ni kwamba wazazi wenyewe wanataka Kiingereza. Wana haki kukitaka, na hakuna anayewanyima. Mtoto aliyejenga fikra zake kwa lugha anayoijua hujifunza ya pili kwa wepesi zaidi. La tatu ni gharama. Kwa hilo nitajibu tu kwamba mwalimu yule yule, mshahara ule ule, aweza kuwa ajuaye lugha ya watoto au asiyeijua. Tofauti ni ya nani ameajiriwa na amepelekwa wapi.

Sitajitoa lawamani. Sisi wa vyuo vikuu tumevuka kwenda visiwani na vinasa sauti, tukawaketisha wazee, tukapata shahada, kisha kanda zikalala katika makabati ya ofisi ambayo watu wa Mfangano hawana ufunguo wake. Ninazo kanda kama hizo. Nimekwisha kuanza kuzinakili ili zirudi kisiwani, na ninawaomba wenzangu wafanye hivyo hivyo kabla ya unyevu kuzila. Tena niseme lililo gumu zaidi. Nyumbani kwangu mjini, ninapowaita wanangu kwa lugha ya Buyangu, wananijibu kwa Kiswahili. Mjukuu wa mzee yule hakuwa mgeni kwangu. Nilimtambua mara moja, kwa kuwa nimemlea.

Ndiyo maana nasema habari ya Mfangano si habari ya watu wachache wa mbali. Ni habari yetu sote tulio na lugha moja ya nyumbani na nyingine ya mshahara. Kima wa Kisere hawaishi kwa sababu mashamba yamewazunguka. Wanaishi kwa sababu sheria iliwatambua na kuna watu wanaolipwa kuulinda msitu wao. Lugha nayo haitaki zaidi ya hayo: kutambuliwa, na kupewa kazi ya kufanya. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mzee wa Mfangano bado amekaa kitini, anaita. Yupo wa kumsikia. Swali ni kama tutamwezesha huyo mtoto, kesho, kumjibu.